Mtihani wa Fundi ni Taa Nyekundu

Fundi wa pikipiki hapimwi kwa wingi wa spana zake wala kwa foleni iliyo nje ya gereji. Mpelekee BMW ya zamani, ile ya silinda mbili zilizolala kushoto na kulia, yenye taa ya chaji inayosumbua. Kisha vuta kigoda, agiza chai, utazame mikono yake. (Injini hiyo nayo huitwa boxer, ila usiichanganye na Boxer ya bodaboda. Hizi ni za Ujerumani, na zile zenye alternata zilianza kutengenezwa mwaka 1969.)

Yangu ilikuwa inaishiwa umeme njiani. Fundi wa kwanza hata swichi hakuiwasha. Alisema tu, "Betri imekufa hiyo, mzee." Nikanunua mpya. Baada ya siku tatu nayo ikalala.

Fundi anayejua kazi huanza kwa kuuliza. Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, taa inawaka? Ukiongeza resi, inazimika? Au inabaki na wekundu hafifu, kama kaa linaloelekea kuwa jivu? Ikigoma kuzimika huku injini inaunguruma, alternata haichaji. Ikififia bila kuzimika, mara nyingi ni dayodi iliyochoka au kiungo cha waya kilichoota kutu. Ila ile isiyowaka kabisa ndiyo huwaponza wengi, maana mwenye pikipiki akiona giza hudhani mambo ni shwari. Kwenye pikipiki hizi, umeme wa kuiamsha alternata hupita kwanza ndani ya balbu hiyo ndogo, ukaenda kwenye regyuleta, kisha kwenye kaboni, hadi kwenye rota. Balbu ya shilingi chache ikiungua, alternata hailali kwa ubovu, inalala kwa kukosa wa kuiamsha.

Fundi wa pili, mzee wa maneno machache, alifungua swichi, akaona taa haiwaki, akatikisa kichwa. Akapima betri kwanza. Iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi, na injini ikiwa kwenye resi ya 4,000 isome kati ya 13.5 na 14.2. Yangu haikupanda hata kidogo. Akanyanyua tenki, akachomoa plagi ya regyuleta, akakata kipande cha waya, akaunganisha tundu la waya wa buluu na la waya wa buluu wenye mstari mweusi. Akafungua swichi. Taa ikawaka, nyekundu kama pilipili.

"Balbu nzima, kaboni nzima, rota nzima," akasema. "Regyuleta yako ndiyo marehemu." Dakika tano, na hakuna boliti ya injini iliyoguswa.

Ingekuwa taa imegoma kuwaka hata hapo, angeshuka kwenye kaboni na rota. Rota ya miaka mingi hukatika waya kwa ndani. Nzima, kwa modeli nyingi zilizofuata zile za mwanzo, husoma karibu omu 3.4. Kuitoa kunahitaji boliti maalumu ya chuma kigumu. Anayekwambia ataichomoa kwa boliti ya kawaida na nyundo, mshukuru kwa chai uondoke. Boliti laini hujikunja humo ndani, na hapo ndipo gharama halisi huanza.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji hata mita. Bodi ya dayodi iko nyuma ya kifuniko cha mbele cha injini, na humo mna nyaya zenye umeme wa betri muda wote, swichi iwe imefungwa au la. Kifuniko kikizigusa wakati kinatolewa, cheche moja inatosha kuiunguza bodi. Kwa hiyo fundi akikisogelea kifuniko hicho, tazama kama ameshachomoa waya wa hasi wa betri. Kama hajachomoa, chukua ufunguo wako.