Kinshasa 1974: Ali alivyoikanusha hesabu ya vijiweni

Kabla ya pambano lolote kubwa la ngumi, ubishi wa vijiweni huwa na sura ileile. Fulani alimpiga fulani, huyo fulani alishampiga mwenzake, basi mwenzake hana chake hapa. Ni hesabu nyepesi, kila mtu anaiweza, ndiyo maana haichoki kurudi. Sijui pambano ambalo hesabu hiyo ilikuja na ushahidi mzito kuliko lile la Muhammad Ali na George Foreman, alfajiri ya Oktoba 30, 1974, kwenye Uwanja wa 20 Mei mjini Kinshasa. Na sijui pambano lililoikanusha waziwazi kuliko hilo.

Ushahidi wenyewe ulikuwa huu. Machi 1971, pale Madison Square Garden, New York, Joe Frazier alimshinda Ali kwa pointi na kumwangusha kwa mkono wa kushoto katika raundi ya 15. Machi 1973, San Diego, Ken Norton alimshinda na kumvunja taya. Ali alirudiana na wote wawili akawashinda, lakini kwa pointi, tena kwa jasho. Sasa mtazame Foreman. Januari 1973, Kingston, Jamaika, alimwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili na kuondoka na ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Machi 1974, Caracas, Norton naye hakuimaliza raundi ya pili. Foreman alikuwa na miaka 25, mapambano 40, ushindi 40, na 37 kati ya hizo kwa KO. Ali alikuwa na miaka 32, na miaka mitatu na nusu ya ubora wake ilikuwa imepotelea nje ya ulingo kwa sababu alikataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Waandishi waliokuwa karibu naye hawakuhofia kushindwa tu. Walihofia kwamba ataumizwa vibaya.

Hawakuwa wajinga. Matokeo waliyoyapima yalikuwa ya kweli, ila hawakupima umbali wala muda, na ngumi ni mchezo wa vitu hivyo viwili kabla haujawa mchezo wa nguvu.

Tuanze na umbali. Frazier alikuwa mfupi, mikono mifupi, anaingia akiwa ameinama huku kichwa kikipanda na kushuka. Kwa Ali hilo lilikuwa balaa: Frazier alipita chini ya jebu, akafika kifuani, akaachia ngumi ya mzunguko ya kushoto juu ya mkono wa kulia ambao Ali alikuwa na tabia ya kuushusha. Lakini mtu anayeinama hivyo mbele ya Foreman anapeleka kidevu mahali ambapo ngumi ya Foreman ya kutokea chini inapita. Kile kilichomfanya Frazier awe tatizo kwa Ali ndicho kilichomfanya awe zawadi kwa Foreman. Norton vivyo hivyo. Mikono yake aliyoipachika kwa kupishana mbele ya uso, na jebu aliyoipiga wakati uleule Ali anapiga yake, vilimvuruga Ali kwa raundi 12 mara zote mbili walizokutana kabla ya Kinshasa. Mbele ya mpigaji mzito Norton alirudi nyuma kwa mstari mmoja, na hapo hakuwa na dawa. Miaka iliyofuata ilithibitisha: Earnie Shavers mwaka 1979 na Gerry Cooney mwaka 1981, wapigaji wazito wote wawili, kila mmoja alimmaliza katika raundi ya kwanza. Kwa hiyo ubishi wa kusema Foreman kawapiga waliompiga Ali haukumhusu Ali hata kidogo. Ulimhusu Frazier na ulimhusu Norton.

Upande wa muda, Foreman alikuwa amepigana mara tatu kwa ajili ya ubingwa kabla ya Kinshasa: Frazier, kisha José Roman mjini Tokyo aliyekwisha raundi ya kwanza, kisha Norton. Ukijumlisha mapambano yote matatu, dakika za ngumi hazifiki 15. Mashabiki waliisoma hesabu hiyo kama sifa, na ilikuwa sifa kweli. Lakini ilikuwa pia taarifa kwamba bingwa huyu hajaulizwa swali la raundi ya saba kwa miaka mitatu. Aliyewahi kumuuliza alikuwa Gregorio Peralta wa Argentina, mkongwe ambaye siku za nyuma alipigana katika uzito wa chini ya ule wa juu. Februari 1970 Peralta alimaliza naye raundi zote 10, na waliporudiana mwaka 1971 alifika raundi ya 10 tena kabla ya kusimamishwa. Peralta hakuwa na ngumi ya kutisha. Alikuwa na miguu, macho na subira. Kama kulikuwa na mkanda wa filamu wa kutazama kabla ya Kinshasa, ulikuwa huo, si ule wa Kingston ambao kila mtu aliukariri.

Pambano lilikuwa lipigwe Septemba 25. Foreman akachanika juu ya jicho la kulia mazoezini, likasogezwa wiki tano. Hatimaye wakapanda ulingoni saa kumi alfajiri, saa kumi na mbili asubuhi kwa Dar es Salaam na Nairobi, muda uliopangwa ili Wamarekani watazame usiku wao. Joto na unyevunyevu wa Kinshasa vilikuwa palepale hata saa hiyo. Kamba zilikuwa zimelegea. Yameandikwa mengi kuhusu nani alizilegeza. Angelo Dundee, mwalimu wa Ali, alisisitiza maisha yake yote kwamba yeye alizikaza mchana na joto ndilo lililozilegeza. Namwamini, kwa sababu hakuna mtu katika kona ya Ali aliyetaka aende kwenye kamba. Walipomwona huko walimpigia kelele atoke.

Raundi ya kwanza haikuwa ya kamba, na hapa ndipo masimulizi mengi yanapoteleza. Ali alitoka na kupiga ngumi ya kulia bila kutanguliza jebu. Msomaji aliyewahi kufika hata gym ya mtaani anajua kwa nini hilo halifanywi. Kwa bondia wa mkono wa kulia, ngumi hiyo inatoka bega la nyuma, inasafiri njia ndefu, adui anaiona, na wewe unabaki wazi ubavu mzima. Dhidi ya bingwa wa uzito wa juu ni dharau. Ali aliirusha mara nyingi katika dakika tatu zile, na nyingi zilifika. Foreman alikuwa amejiandaa kwa jebu na kwa mtu anayekimbia. Ngumi hizo hazikumdhuru sana mwilini, ila zilimtoa kwenye mpango. Yeye mwenyewe alikuwa na jebu nzito, mojawapo ya jebu nzito zaidi za zama zake, na baada ya kukasirika aliitumia kidogo. Alianza kutafuta ngumi moja ya kumaliza kazi.

Lakini raundi hiyo ilimfundisha Ali jambo jingine pia. Foreman alijua kukata ulingo. Hakumfuata Ali alikokwenda. Alipiga hatua moja ya pembeni na kumfungia njia, wakati Ali alilazimika kupiga hatua mbili au tatu ili kupona. Na mikono mirefu ya Foreman ilikuwa ikimsukuma mtu begani au kwenye glavu mpaka akae pale ngumi inapotakiwa kutua. Kwa kasi hiyo, katika joto lile, miguu ya mtu wa miaka 32 ingekwisha raundi ya sita, na hapo angeshikwa akiwa hana pumzi. Chaguo halikuwa kati ya kamba na usalama. Lilikuwa kati ya kufika kwenye kamba ukiwa mzima na kufikishwa huko ukiwa umechoka.

Raundi ya pili akaenda mwenyewe.

Tazama picha zake ukiwa umesimamisha filamu. Viwiko vimebana mbavu, glavu ziko pembeni ya uso, mgongo umelala juu ya kamba ya juu na kichwa kimetoka nje ya ulingo. Foreman alikuwa mpigaji wa ngumi pana zinazotoka mbali, na nguvu zake zilihitaji mambo mawili: nafasi ya kuzungusha mkono, na mtu aliyesimama wima au anayerudi nyuma. Ali aliyaondoa yote mawili. Hakuna kumsukuma mtu ambaye tayari ameegemea. Ngumi ya kichwa ilifika ikiwa imekwisha urefu. Ngumi ya mwili ilikutana na kiwiko au mkono. Na ile iliyopenya, kamba zilizolegea zilirudi nayo nyuma na kugawa uzito wake. Zipo zilizopenya sawasawa. Kamba hazikuzuia maumivu, zilizuia anguko.

Jambo ambalo halitajwi vya kutosha ni kwamba Ali alishajaribu kamba hizohizo dhidi ya Frazier mwaka 1971, na zilichangia kumpoteza. Frazier alikuwa mtu wa karibu. Ukimpa kamba anaingia chini ya viwiko na kupiga ngumi fupi za mwili, kazi aliyozaliwa nayo. Foreman akiwa karibu hakuwa na nafasi ya kupigia. Kamba zilezile, mtu yuleyule, jibu tofauti kabisa, kwa sababu urefu wa ngumi ya mpinzani umebadilika. Hapo ndipo hesabu ya fulani kampiga fulani inapokosa hata pa kusimama.

Na Ali hakukaa tu. Kila Foreman alipomaliza mzigo wa ngumi, Ali alipitisha moja au mbili zilizonyooka katikati ya mikono ile mipana, na ngumi iliyonyooka kwa kawaida hufika kabla ya ile ya mzunguko. Aliongeza kasi raundi ilipokaribia kwisha, ili majaji wabaki na picha hiyo machoni. Walipokumbatiana, alimshika Foreman nyuma ya shingo na kumlazia uzito. Foreman alipima kilo 100, Ali kilo 98. Kubeba kilo 98 shingoni kila baada ya mapigo kumi, kwa raundi saba, kunakausha mabega kuliko kupigwa. Muda wote huo Ali alikuwa akimsemesha, akimuuliza kama hizo ndizo ngumi zake zote. Foreman mwenyewe amesimulia kwamba wakati huo jibu la kweli lilikuwa ndiyo.

Umati wa Kinshasa ulikuwa ukiimba kwa Kilingala, "Ali, boma ye!" Sipendi kuuhesabu kama ufundi, kwa kuwa kelele hazizuii ngumi. Hata hivyo mtu anayechoka akisikia watu wapatao 60,000 wakiimba auawe, hapati mahali pa kukopa nguvu.

Raundi ya tano Foreman alimwaga karibu kila alichokuwa nacho. Ya sita ngumi zake zilikuwa zikisukuma badala ya kupiga. Ya nane, sekunde zikielekea kwisha, Ali alijitoa kwenye kamba na kuachia mfululizo. Ngumi ya mzunguko ya kushoto iliinua uso wa Foreman na kuuweka sawa. Ya kulia iliyonyooka ikafuata. Foreman alizunguka akielekea chini, na Ali, mkono wa kulia ukiwa umeshainuliwa, hakuongeza nyingine. Mwamuzi Zack Clayton alihesabu. Ilikuwa dakika ya 2 na sekunde 58 ya raundi ya nane, na Ali alikuwa akiongoza kwenye karatasi zote tatu.

Kwetu tulipata somo la aina hiyo Septemba 8, 2018. Hassan Mwakinyo wa Tanga aliitwa Birmingham kwa muda mfupi kumkabili Sam Eggington, Mwingereza ambaye rekodi na majina aliyopambana nayo vilimpa kila karata. Mwakinyo alimmaliza raundi ya pili. Kwenye karatasi hakuwa na chake. Ulingoni alikuwa na mikono ya haraka mbele ya mtu anayesimama kupigika.

Kuna neno kwa vijana wa gym, na nalisema kwa uzito wote. Msiige kamba. Mbinu ile ilikuwa jibu la tatizo moja usiku mmoja, na Ali aliendelea kuitumia mazoezini na ulingoni akipokea ngumi ambazo miguu yake ya zamani ingezikwepa. Mwaka mmoja baadaye alipigana na Frazier kule Manila raundi 14 zilizowamaliza wote wawili. Mwaka 1984 ikatangazwa kwamba ana dalili za ugonjwa wa Parkinson. Hakuna anayeweza kuionyesha ngumi iliyohusika, lakini mwalimu anayemfundisha kijana kupokea ngumi kama mbinu ya kwanza anamkosea.

Aliyejifunza zaidi kutokana na Kinshasa alikuwa Foreman. Novemba 5, 1994, mjini Las Vegas, akiwa na miaka 45, alipanda ulingoni dhidi ya Michael Moorer, bingwa wa miaka 26 ambaye hakuwa amewahi kupoteza. Alivaa bukta ileile aliyoivaa Kinshasa. Hakukimbilia KO. Alipiga jebu, akapokea, akasubiri, akiwa nyuma kwa pointi kwenye karatasi zote tatu, hadi raundi ya 10 Moorer aliposimama mahali ambapo ngumi ya kulia fupi na iliyonyooka ingemfikia. Ikamfikia. Katika kona ya Foreman usiku huo alikuwepo Angelo Dundee.