Nyumba Njema Si Mlango: Juu ya Majengo ya Chuo Kikuu katika Nchi ya Bukoba

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia ya kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961, kimeazimu kuwa na tawi lake katika Mkoa wa Kagera, nalo limewekwa katika kata ya Karabagaine, Wilaya ya Bukoba. Fedha zake zatoka katika mkopo wa dola za Marekani milioni 425, ambao Serikali ya Tanzania iliupata kwa Benki ya Dunia mwaka 2021 kwa ajili ya vyuo vikuu vya umma. Mkopo ni deni, na deni hulipwa na wenye mashamba na wenye maduka, na watoto wao baada yao. Kwa hiyo kila mtu wa Bukoba na wa Muleba anayo haki ya kuuliza habari za majengo hayo, hata kama yeye mwenyewe hajapata kuketi katika darasa la chuo.

Watu wakiuliza, mara nyingi huuliza mambo mawili tu: ni ghorofa ngapi, na ni shilingi ngapi. Maswali hayo si mabaya, lakini hayatoshi. Wahenga walisema, Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nasi twataka kufungua na kuingia. Twaona ya kuwa majengo ya chuo kikuu katika nchi hii yapasa kupimwa kwa mambo matatu: jinsi yanavyopokea mvua, jinsi yatakavyosimama ardhi ikitikisika, na jinsi yatakavyokaa na jirani. La tatu ndilo kubwa, na ndilo lisahauliwalo kuliko yote.

Tuanze na mvua. Mama wa tawi hili ni Mlimani, Dar es Salaam. Chuo kilihamia juu ya kilima kile mwaka 1964, na mpaka leo majengo yake ya kwanza yastahili sifa. Yalitawanywa juu ya miteremko, miti ikaachwa katikati, na upepo ukapewa nafasi ya kupita, kwa kuwa waliochora walifahamu ya kuwa adui wa mwanafunzi wa pwani ni joto. Ukumbi wa Nkrumah, uliopata kuchorwa hata katika noti ya shilingi 500, mtu akiuona mara moja hausahau. Lakini ubora wa majengo yale ni huu, ya kwamba yalijengwa kwa ajili ya mahali pale. Anayetaka kuyafuata kwa kweli asiige sura yake. Na afanye kama wao walivyofanya, aitazame kwanza nchi anayojenga.

Nchi yetu si ya joto lile. Dar es Salaam hupata mvua ya milimita 1,100 hivi kwa mwaka. Mji wa Bukoba hupata kadiri ya 2,000, nao uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100. Huku mvua huja na upepo kutoka ziwani, hupiga ukuta kwa ubavu, na asubuhi ni baridi. Madirisha mapana yasiyo na kivuli, njia za wazi kati ya darasa na darasa, na paa la bapa lililofichwa nyuma ya ukuta mfupi ili nyumba ionekane ya kisasa, hayo yote yataleta ukungu ukutani na maji sakafuni kabla ya miaka mingi kupita. Kila mwalimu aliyefundisha chini ya bati wakati wa masika ajua pia jambo jingine: mvua ikinyesha, sauti ya mwalimu haisikiki, na somo husimama. Chuo kisicho na dari nzuri chini ya bati kimekubali kupoteza saa nyingi za masomo kila mwaka.

Wazee wetu walilijibu swali la mvua kwa mushonge. Nyumba ile ya mviringo ilikuwa paa tupu tangu kileleni hata chini, wala haikuwa na ukuta wa kupigwa na mvua; maji yaliteleza juu ya nyasi yakaanguka mbali na watu. Mlangoni paa lilitokeza mbele, ili mgeni asimame pakavu kabla ya kukaribishwa. Hatusemi wanafunzi walale katika misonge, wala hatupendi jengo la zege lililovikwa kofia ya nyasi ili wageni walipige picha. Twasema akili iliyokuwa ndani ya mushonge yafaa hata leo: paa lenye mteremko mkali, lipite ukuta kwa upana wa kutosha, na baraza iliyofunikwa iunganishe jengo na jengo, tena mifereji ipeleke maji matangini. Chuo kinachoacha milimita 2,000 za maji zitiririke bondeni, kisha kikanunua maji ya bomba, hakikusoma nchi yake.

La pili ni ardhi. Hakuna mtu wa Kagera aliyekuwa na akili zake siku ya Jumamosi, 10 Septemba 2016, awezaye kuisahau alasiri ile. Tetemeko lilikuwa la kipimo cha 5.9. Serikali ilitoa habari ya watu 17 waliokufa, na nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka. Shule za Ihungo na Nyakato, ambazo zimewalea watu wengi wenye majina, zikaharibika hata zikafungwa, na wanafunzi wakatawanywa. Ihungo imejengwa upya. Lakini somo lake halikuwa la Ihungo peke yake.

Maana kilichoua si mtikisiko wenyewe, ni kuta. Ukuta mzito wa matofali au mawe, ulioshikwa kwa udongo, usiofungwa juu kwa mkanda wa zege ambao mafundi wetu huuita linta, hauna kinachoushika ardhi inapokwenda huku na huku. Pembe zake huachana, na ile sehemu ya ukuta iliyo juu, chini ya kilele cha paa, huanguka kwanza. Mushonge, kwa kuwa ulikuwa miti iliyofungwa pamoja kwa kamba, ungeyumba tu. Basi sisi tulipoacha miti tukashika matofali tulipata nyumba ya kudumu, lakini wengi wetu tulichukua tofali tukaacha nondo. Jengo la chuo kikuu katika nchi hii ambalo halikuhesabiwa kwa tetemeko tangu msingi wake haliwezi kuitwa jema, hata likipakwa rangi gani.

Tena jengo la watu wengi lapasa kuelezwa kwa watu mapema. Huko Mlimani, mwezi wa Aprili 2017, yalifunguliwa mabweni mapya, majengo 20 ya wanafunzi 3,840, yaliyogharimu shilingi bilioni 10. Desemba ya mwaka ule ule picha za nyufa zikaenea nchi nzima. Wakala wa Majengo ya Serikali ukaeleza ya kwamba nafasi zile zilikuwa zimeachwa kwa makusudi, ili sehemu za jengo zipate kutanuka bila kuvunjana. Ni kweli mafundi huacha nafasi za namna hiyo. Lakini maelezo yalikuja baada ya hofu, na maelezo yanayofuata hofu hayaaminiwi upesi. Katika mkoa uliozika watu wake mwaka 2016, ufa mmoja tu utawatoa wanafunzi usiku katika vitanda vyao. Kwa hiyo twaomba ramani za majengo zibandikwe katika ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, zikionyesha wazi ni nini kitakachoyashika siku ya tetemeko. Hilo ni gharama ya karatasi chache.

Sasa twafika kwa jirani. Kijiji cha Kihaya tangu zamani kina sehemu mbili. Kuna kibanja, shamba la migomba na mibuni, ambamo nyumba imo na makaburi ya wazee yamo. Kuna na rweya, uwanda wa nyasi, ambao mgeni huuona mtupu. Lakini rweya si tupu: hapo ng'ombe hula, hapo zilikatwa nyasi za kuezekea, na hapo hutoka nyasi za kutandaza chini ya migomba ili udongo usichoke. Anayezungusha ukuta kuzunguka rweya amegusa ndizi za mtu aliye mbali. Basi mchoraji wa chuo asitazame nafasi tupu katika ramani akafurahi. Aulize njia ya kwenda kisimani yapita wapi, na ya kwenda sokoni, na ya watoto wa shule, kisha aziache wazi. Chuo kilichofungwa pande zote kwa ukuta na lango moja lenye askari hufundisha somo lake la kwanza kabla ya mwalimu yeyote kufungua kinywa, nalo ni kwamba elimu si ya wale walio nje.

Na wapo wengine tena katika ujirani huu, nao ni wanafunzi wenyewe. Tuitazame Makerere, iliyo karibu nasi, iliyoanza mwaka 1922, alikosoma Mwalimu Nyerere. Jengo lake kuu la mwaka 1941 lapendwa sana, hata lilipoungua 20 Septemba 2020 lilijengwa tena kwa sura yake ya kale, likafunguliwa mwaka 2024. Lakini ukishuka kilima upande wa Kikoni waona chuo kingine ambacho hakimo katika picha: mabweni ya watu binafsi yaliyosongamana, ambamo wanafunzi wengi sana hulala. Kadhalika Dar es Salaam, wanafunzi wengi wa Mlimani hupanga vyumba Changanyikeni na Msewe na mbali zaidi. Mabweni ya chuo hayajapata kuwatosha wanafunzi wote, wala ya huku hayatawatosha.

Basi kampasi ya kweli itakuwa mbili. Moja itachorwa na wasanifu, itapimwa na wahandisi, nayo itakuwa na zege na nondo. Ya pili tutaijenga sisi wenyewe, kandokando ya lango, kwa fedha za kahawa na za vanila na za mikopo ya vikundi: safu za vyumba kumi kumi, upesi, kabla jirani hajatutangulia. Na kama ikijengwa kwa tofali na udongo bila linta, kwa kuwa mpangaji haulizi linta bali huuliza umeme, basi siku ardhi itakapotikisika tena mtoto aliyesoma mchana katika jengo salama ataangukiwa usiku na ukuta wetu. Mzazi aliyemtoa mwanawe Nshamba au Kamachumu hatauliza ni ukuta wa nani.

Hilo ndilo neno letu kubwa juu ya mipango ya vyuo vikuu, hapa na penginepo: mpango unaoishia ukutani mwa chuo ni nusu ya mpango. Majengo ya ndani yakiwa mazuri kama nini, hayawezi kuitwa mema ikiwa yamezaa nje mji wa hatari.

Mtu atasema, Chuo kina kazi yake ya kufundisha. Nyumba za wanakijiji ni shauri lao na la halmashauri. Twajibu kwamba kufundisha ndiko tunakokuomba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wahandisi wake, na Chuo Kikuu Ardhi kina wasanifu wake. Kujenga kampasi ni darasa la miaka mingi lililo wazi machoni pa watu. Mafundi wa Karabagaine, na wa Izigo na Muleba, wapokewe mahali pale wajifunze kufunga nondo za linta na kupanga tofali za pembeni. Tena kijengwe kwanza, karibu na barabara, nyumba moja ya vyumba vichache vya kupangisha, ya gharama ambayo mkulima aiweza, ili kila apitaye aone ni saruji kiasi gani na nondo ngapi. Nyumba hiyo ndogo itaokoa watu wengi kuliko ukumbi mkubwa. Na halmashauri ipime viwanja na njia mapema, kwa maana barabara ya gari la wagonjwa haiwezi kupatikana baada ya vyumba kusimama.

Mwingine atasema, linta ni ghali. Ni kweli yaongeza gharama. Lakini afadhali vyumba sita vyenye linta kuliko kumi visivyo nayo, maana vile sita vitabaki na kodi yake itabaki. Asiyeziba ufa atajenga ukuta. Nasi tulikwisha kujenga kuta nyingi baada ya mwaka 2016.

Twakifurahia chuo, tena sana. Watoto wa mkoa huu wamesafiri mbali mno kwa ajili ya elimu, wengine wakavuka ziwa, wengine mpaka. Lakini furaha isitufumbe macho. Wajumbe wa serikali za vijiji wanapoitwa kutazama ramani, wasihesabu ghorofa tu. Waulize maji ya mvua yakwenda wapi, na kuta zimefungwa kwa nini, na njia ya kisimani imepita wapi, na wanafunzi wasiopata bweni watalala kwa nani. Kisha kila mmoja arudi kwake, akitazame kile chumba anachotaka kumpangisha mtoto wa mwenzake, na ajiulize swali lile la pili kabla ya kuweka bati.