Leta isilipishe mbegu: juu ya leseni kwa wale wanaosema kwenye intaneti



Ninaanza na kitu kilichonifikia mimi mwenyewe hapa Salamabila. Wengi mnajua kama nyuma ya kumaliza lisansi ya kilimo nilirudi nyumbani. Kazi ya ofisi hakuna, basi nikaanza kurekodi video fupi kwa simu. Nasimama katika shamba la mihogo, naonyesha jani lililojikunja lenye madoa ya manjano, naeleza kama ule ni ugonjwa wa mozaiki. Naeleza kama unapitishwa na vidudu vidogo vyeupe vinavyokaa chini ya majani, na pia na vijiti ambavyo sisi wenyewe tunakata kwenye shina la ugonjwa na kwenda kupanda. Dakika tatu, Kiswahili ya kwetu. Natuma kwenye WhatsApp, wenye mega wanapitisha kwa wengine, na bamama wanaangalia kwenye simu ya mtoto siku ya soko.

Siku moja mtu wa ofisi fulani aliniita. Hakusema kama nimedanganya. Hakuuliza hata kidogo kama yale ninayosema juu ya mihogo ni kweli. Aliuliza tu: "Karatasi yako ya kufanya media iko wapi?" Nikajibu sina, na sijui kama inaombwa. Sheria hakunionyesha, ila bei alitaja, tena kwa dola. Sikulipa, franga sikuwa nazo. Lakini nyuma ya pale nilikaa wiki tatu bila kutuma kitu, na ile ndiyo ilikuwa wakati watu wanakata vijiti vya kupanda.

Mtasema yule alikuwa anatafuta madesu ya watoto, basi. Labda. Lakini kuko nchi ambako wazo lile liliandikwa katika sheria na kupigwa muhuri, njo maana nataka tulichunguze vizuri mbele lifike kwetu.

Tuangalie jirani wetu wa ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Mwaka 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu, mwenye redio au televisheni ya kwenye intaneti alitakiwa aombe leseni. Maombi peke yake shilingi 100,000, leseni 1,000,000, na ada ya kila mwaka 1,000,000. Ukijumlisha ni 2,100,000, karibu dola 900 za wakati ule. Mwenye kukosa kufuata kanuni alitishiwa faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote pamoja. Mwezi wa 6 mwaka ule Jamii Forums, mahali Watanzania wengi walikuwa wanajadili mambo ya nchi yao, ilijifunga kwa muda ili isianguke katika sheria. Wenye blogu ndogo wengi waliacha kabisa. Baadaye kanuni zilirekebishwa na mzigo ukapunguzwa, lakini walionyamaza hawakurudi wote.

Ukisoma masharti yenyewe, bei siyo kitu kinachoshangaza zaidi. Mwombaji alitakiwa kuandika wanahisa wake, mtaji wake, ujuzi wa wafanyakazi wake, mpango wa kukuza kazi, na karatasi ya kuonyesha kama hana deni la kodi. Sasa mimi na simu yangu moja yenye kioo kilichopasuka, wanahisa wangu ni nani? Mama yangu aliyenipa franga ya mega? Mwenye kuandika masharti yale alikuwa na picha ya kampuni kichwani. Hakuwa na picha ya mwalimu, ya muuguzi, ya mkulima anayejua kitu na anataka kukisema.

Hapo njo nakuja na masomo yangu. Katika kilimo kuko vitu viwili ambavyo haupaswi kuchanganya: mbegu na mavuno. Mtu akivuna magunia 20 ya mpunga, Leta inaweza kusema: toa sehemu yako kwa ajili ya barabara. Atalalamika, lakini anacho cha kutoa. Lakini ukimlipisha mtu mbele apande, mwenye franga nyingi peke yake njo atapanda. Leseni ya 2018 ilikuwa kodi juu ya mbegu. Kenya, katika sheria ya fedha ya 2023, walichukua njia ingine: asilimia 5 ya kile ambacho mtengeneza maudhui analipwa. Serikali ilitaka asilimia 15, watu wakapinga, ikashuka. Unaweza kubishana juu ya ile 5, lakini asiyelipwa kitu hakatwi kitu. Ile ni kodi juu ya mavuno.

Na sisi Wakongomani tusijione wageni katika hii habari. RAM tumeisahau? Tangu mwezi wa 9 mwaka 2020 simu zetu zilikuwa zinakatwa unite: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Unaweka unite asubuhi umpigie mgonjwa, unakuta imekwisha kuliwa. Watu walipiga kelele, wabunge pia, na mwaka 2022 ikaondolewa. Uganda walifanya vile vile: kuanzia mwezi wa 7 mwaka 2018, shilingi 200 kila siku ili uingie WhatsApp ao Facebook. Watu wakatumia VPN kuikwepa, na mwaka 2021 serikali ikaiacha, ikaweka asilimia 12 juu ya mega zenyewe. Haya mambo yanakuja, yanaondoka, yanarudi na jina lingine.

Sasa nisikie pia upande wa pili, maana wenye kutaka leseni hawakosi sababu. Sisi wa Kabambare na Kasongo tunajua odio moja inaweza kufanya nini. Mtu asiyejulikana anarekodi "adui wako njiani", na usiku ule bamama wanakimbia na watoto mgongoni, kumbe hakuna kitu. Kusema kama intaneti isiguswe na sheria yoyote ni kukosa huruma kwa wale watu.

Lakini jiulizeni: yule wa odio angeomba leseni? Hana jina, hana sura, nambari yake anatupa kesho. Leseni inamkamata yule anayeonyesha uso wake na kusema jina la baba yake. Tena sheria ya kumwazibu mwongo tuko nayo tayari. Kodi ya nimeriki ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 inaweka kifungo na amende kwa mwenye kusambaza habari ya uongo juu ya mtu, na watu wengi wanaona hata ile ni kali sana. Mwongo aulizwe juu ya uongo wake. Kwa nini msema kweli aulizwe juu ya karatasi?

Kuko pia video mbaya za wajinga tu, siyo za waovu. Niliona moja inafundisha kumwaga mafuta machafu ya gari kwenye mahindi ili kuua viwavi. Jirani mmoja alijaribu, mistari miwili ikaungua. Nilirekodi jibu siku ile ile, na watu waliacha. Kama ningengoja leseni, jibu lingefika nyuma ya shamba lote.

Kila mtu anayepanda pikipiki kutoka hapa mpaka Kasongo anajua bariyeri. Haiulizi unabeba nini, inauliza uko na nini mfukoni. Na mwenye kushika kamba anaweza kuishusha siku yoyote, zaidi kama jana ulisema barabara ni mbovu. Leseni ya kusema ni bariyeri ya namna ile, imewekwa juu ya mdomo.

Mimi ninapendekeza vitu vitatu kwa shirika letu. Kwanza, mtu akitaka kuombwa jina, aandikishwe bure. Pili, mwenye kupata franga kwa matangazo alipe kodi ya mapato sawa na mwenye duka, na asiyepata asilipe. Tatu, mtu wa ofisi akiomba bei, aonyeshe karatasi ya sheria na atoe risiti, na sisi tuwe na watu wa kumsindikiza mwenzetu anapoitwa, asiende peke yake kama nilivyoenda mimi.

Wenye kusomea sheria kati yetu, ninawangoja ninyi zaidi: semeni pale nimekosea. Mimi Jumamosi narudi shambani, nitarekodi juu ya kuchagua vijiti safi. Karatasi bado sina.