MGENI ASIYEKATIWA KIPANDE: FUMBO NA HOFU KATIKA "THE 7TH GUEST"

Miongoni mwa kazi za sanaa zilizozaliwa na kompyuta, ziko ambazo zimezungumzwa sana na wachezaji na kuachwa takriban kabisa na wahakiki. "The 7th Guest", uliotolewa mwaka 1993, ni mojawapo. Wapenzi wake huusifu kwa ajili ya kumbukumbu za ujana wao. Wapinzani nao huutupa nje kwa hoja kwamba ni mchezo, na kwamba mchezo si fasihi. Kosa la makundi haya mawili ni moja: hakuna linaloutazama kama kazi yenye fani na maudhui yanayopaswa kuafikiana. Makala haya yanakusudia kuuliza swali moja tu, nalo ni hili: mafumbo yaliyomo katika mchezo huu yana uhusiano gani na hofu unayokusudia kuitia? Wasomi wa fasihi simulizi ya Kiswahili wana haki ya kuliuliza. Kitendawili ni utanzu wanaoufahamu vyema, nao hawajapata kuridhika na kauli kwamba kitendawili ni burudani ya watoto basi.

Mchezo huu ulitungwa na Rob Landeros, ambaye ni mchoraji, pamoja na Graeme Devine, ambaye ni mtaalamu wa programu, katika kampuni yao changa, Trilobyte, iliyokuwa katika jimbo la Oregon, Marekani. Hadithi na mazungumzo yaliandikwa na Matthew J. Costello, mtunzi wa riwaya za kutisha, na muziki ukatungwa na George Sanger. Ulisambazwa na kampuni ya Virgin katika sahani mbili za CD, wakati ambapo kompyuta nyingi zilikuwa hazina hata kifaa cha kuzisomea sahani hizo. Yasemekana kuwa wengi walikinunua kifaa hicho kwa ajili ya mchezo huu, nao uliuzwa zaidi ya nakala milioni mbili. Mafanikio hayo ya kibiashara yaliudhuru kwa upande mmoja: ulisifiwa mno kwa mitambo yake hata ikasahauliwa kuuliza kama ulikuwa na jambo la kusema.

Hadithi yenyewe si ngeni. Henry Stauf ni mzururaji aliyemuua mwanamke kwa ajili ya mkoba wake. Baada ya dhambi hiyo anajiwa na njozi ya mwanasesere. Anamchonga kama alivyomwona, na kutoka hapo anakuwa mtengenezaji mashuhuri wa vitu vya kuchezea. Watoto wanaomiliki vitu hivyo wanashikwa na ugonjwa usiojulikana, nao wanakufa huku wamevikumbatia. Stauf anajenga jumba kubwa juu ya kilima, anajifungia humo, kisha usiku mmoja wa mwaka 1935 anawaalika wageni sita. Kila mmoja ana haja yake: Julia Heine anataka kurudishiwa ujana, Hamilton Temple, ambaye ni mfanyaji wa mazingaombwe ya jukwaani, anataka uchawi wa kweli, na wako pia mume na mke, Edward na Elinor Knox, waliochoshwa na maisha yao. Haja hizo zitatimizwa kwa sharti moja. Mgeni wa saba, aliyeingia nyumbani humo bila mwaliko, ni mtoto aitwaye Tad. Yeyote atakayemkabidhi kwa Stauf atapewa atakalo. Jina la Stauf lenyewe, herufi zake zikipangwa upya, huwa Faust, yule msomi wa visa vya Kijerumani aliyeiuza roho yake kwa shetani. Kwa hiyo msingi wa kisa ni biashara: kila kitu katika jumba hili kina bei.

Mchezaji huingia humo akiwa na jina la Ego, nafsi isiyo na mwili wala kumbukumbu, huzunguka vyumbani akitazama vivuli vya wageni wakirudia matendo ya usiku ule, na hutegewa fumbo karibu kila mlango. Mshale wa kuelekezea umefanywa mkono wa mifupa ambao humwita mchezaji kwa kidole pale panapopitika, na kutikisa kidole kukataa pasipopitika. Panapo fumbo, mkono hugeuka fuvu ambalo ubongo wake unapwita. Hizi ni alama ndogo, lakini ni za mtunzi aliyefikiri.

Fumbo la kwanza ambalo wengi hukutana nalo limo katika chumba cha kulia. Mezani ipo keki ya vipande thelathini, baadhi vimepambwa kwa mafuvu, vingine kwa mawe ya kaburi, na vichache havina pambo hilo wala lile. Mchezaji hutakiwa kuigawa sehemu sita zilizo sawa, kila moja iwe na mafuvu mawili, mawe mawili na kipande kimoja kitupu. Kihesabu si fumbo gumu. Lakini yafaa msomaji atue hapa kidogo, kwani wahakiki wamelipita fumbo hili kana kwamba ni la kufungulia mlango tu. Karamu ni ya wageni, na kila mgeni anakatiwa fungu la kifo, kwa haki kabisa, bila upendeleo. Mafungu ni sita. Jina la mchezo, lililoandikwa juu ya kasha, linataja mgeni wa saba. Aliyeshika kisu ni nani basi, na fungu lake liko wapi? Mwishoni mwa mchezo hubainika kwamba Ego ndiye Tad, roho ya mtoto aliyefungwa katika jumba lile na kulazimika kuutazama usiku uleule tena na tena. Mchezaji amekuwa akiwagawia wenziwe keki ambayo yeye mwenyewe hakuhesabiwa. Jibu la hadithi nzima limewekwa mezani tangu mwanzo, mbele ya macho yake, naye halioni kwa kuwa ameshughulika na hesabu. Hivyo ndivyo kitendawili kizuri kinavyofanya kazi. Hakifichi kitu, humpa msikilizaji kila kitu, ila kwa namna ya kumfanya atazame kando.

Kwa bahati mbaya, mafumbo mengi yaliyosalia hayafikii kiwango hicho. Lipo jaribio jepesi ambalo mhakiki yeyote anaweza kulifanya: fumbo la chumba hiki lihamishwe chumba kile, kisha aulize ni nini kilichopotea. Malkia wanane wa sataranji wapangwe ubaoni pasiwe na anayemla mwenziwe. Maaskofu weupe na weusi wabadilishane pande. Farasi nao vivyo hivyo. Haya ni mafumbo ya kale, yanapatikana katika vitabu vya chemshabongo vilivyochapishwa muda mrefu kabla ya kompyuta, na yangeweza kuwekwa jikoni, chumba cha kulala au darini pasipo kuidhuru hadithi hata kidogo. Hapa fumbo limekuwa kufuli na hofu imekuwa ujira: mchezaji akimaliza kazi, hulipwa kivuli kimoja cha kutisha. Tena kazi yenyewe huiua hofu. Mtu anayetafuta mahali pa kumweka malkia wa nane hutulia, huandika karatasini, huenda akainuka akapika chai. Jumba lote humsubiri. Sauti ya Stauf inayomcheka kila akikosea haimtishi tena baada ya mara ya tatu; humkera tu, kama inzi.

Liko fumbo la makopo katika stoo ya jikoni ambalo litawavutia wanaisimu kwa sababu nyingine. Kila kopo lina herufi moja, na makopo hayo hayana budi kupangwa yafanye sentensi ya Kiingereza. Shida ni kwamba a, e, i, o na u hazimo hata moja. Irabu zote zinabebwa na herufi y. Fumbo hili limekaa kabisa ndani ya tahajia ya Kiingereza, ambamo herufi moja hutumikia kazi mbili. Mfasiri wa Kiswahili angekwama hapohapo. Katika Kiswahili y ni konsonanti siku zote, na neno lisilokuwa na irabu halipatikani, isipokuwa labda kile kiambishi cha nafsi kinaposimama peke yake, kama katika kauli "ninyi m wageni", kauli ambayo ingeifaa nyumba ya Stauf vizuri sana. Jambo hili halina lawama. Vitendawili vya Kiswahili navyo, vile vinavyotegemea tanakali za sauti, havivuki mpaka kwenda Kiingereza. Huo ni ushahidi tu kwamba mchezo huu ni kazi ya lugha, zaidi ya ule wa picha zilizosifiwa na magazeti.

Fumbo jingine linaloshinda jaribio lililotajwa ni la hadubini. Katika maabara mchezaji huchungulia chombo hicho na kukuta ubao wenye vijidudu vya rangi mbili. Vyake ni vya rangi moja, na vya Stauf ni vya rangi nyingine. Kila kijidudu huzaa chenzake katika nafasi jirani, au huruka nafasi moja na kutua mbele, na popote kinapotua huwageuza maadui waliokizunguka wawe wa rangi yake. Anayejua bao atalitambua haraka wazo hilo, kwani katika bao pia kete zilizoliwa hazitoki mchezoni, hugeuka nguvu ya aliyezila. Kinachostahili kutazamwa ni kwamba hili si fumbo lenye jibu moja linalosubiri. Yuko mshindani, anafikiri, na mara nyingi anashinda. Pia kinachoenea ubaoni ni maradhi. Wale watoto walikufa kwa ugonjwa uliotoka katika vitu vya kuchezea. Sasa mchezaji anacheza, kwa kitu cha kuchezea, mchezo wa kuambukizana, dhidi ya aliyewaua. Hapa peke yake fumbo halikai mbele ya hadithi kama bawabu. Fumbo ndilo hadithi yenyewe. Si ajabu kwamba ndilo fumbo linalolalamikiwa kuliko yote. Wachezaji husema ni gumu mno, na kweli ni gumu, lakini ugumu huo ni wa haki.

Kutoka hapo dosari kuu ya mchezo huonekana waziwazi. Katika maktaba kipo kitabu cha msaada. Mchezaji aliyeshindwa akikiendea mara ya kwanza na ya pili, hupewa dokezo; akirudi mara ya tatu, kitabu hulifumbua fumbo chenyewe, na adhabu pekee ni kutembea tena kutoka ukumbini hadi chumba kilekile. Ilinganishwe adhabu hiyo na desturi ya kitendawili. Mtegaji husema "Kitendawili!", wenziwe hujibu "Tega!", na wakishindwa hawapewi jibu bure: mtegaji hudai mji, nao hawana budi kumpa Mombasa, au Lamu, au mji mwingine wautakao, ndipo awafumbulie. Mji huo ni wa maneno matupu, hakuna anayehama. Hata hivyo desturi inasisitiza kwamba ujinga una gharama, na kwamba aliyeshindwa amepungukiwa na kitu mbele ya watu. Stauf, mrithi wa Faust, mtu ambaye hajapata kumpa yeyote kitu bila malipo, anatoa majibu bure! Wageni sita wanalipa kwa roho zao. Mchezaji halipi chochote. Hawezi kufa, hawezi kufukuzwa, hata katika mzingile ulio chini ya nyumba, ambao ramani yake imefumwa katika zulia la chumba kimojawapo, hakuna baya linalomfika zaidi ya kupotea. Watunzi walijenga nyumba ya biashara ya kutisha, kisha wakamfungulia mteja wao mlango wa nyuma.

Huenda ikajibiwa kwamba mchezo lazima umpendeze mnunuzi. Hoja hiyo ni ya muuzaji, na mhakiki halazimiki kuipokea.

Kuhusu uigizaji, mengi yamesemwa na machache yanahitaji kurudiwa. Waigizaji walipigwa picha peke yao mbele ya pazia tupu, kisha wakapachikwa katika vyumba vilivyochorwa kwa kompyuta. Kazi hiyo haikuwa safi, ukabaki ukungu pembezoni mwa miili yao. Watunzi wakaukubali ukungu huo na kuwafanya wahusika wote mizuka. Huo ulikuwa ujanja wa kusifiwa. Kupaza sauti kwao na kurusha mikono kupita kiasi kumetetewa kwa hoja hiyohiyo, kwamba mzuka unaorudia usiku mmoja milele hauna budi kuwa kama mwigizaji aliyechoka. Utetezi huu ni wa werevu kuliko ulivyo wa kweli. Yako maonyesho katika mchezo huu ambayo ni mabovu tu.

Mwaka 2019 ulitolewa upya kwa mitambo ya siku hizi, na mwaka 2023 kampuni ya Vertigo Games ikautunga tena kwa miwani ya uhalisia pepe. Mchezaji sasa hushika taa ambayo nuru yake huonyesha vitu vilivyokuwa kabla ya kuchakaa, na waigizaji wamepigwa picha kutoka kila upande, hata mtu anaweza kuwazunguka. Ule ukungu umeondoka. Toleo la 1993, pamoja na makosa yake, lilikuwa na mtazamo mmoja tu kwa kila kivuli, ule wa anayechungulia kutoka mlangoni akiogopa kuonekana. Kimo cha macho hayo hakitajwi popote katika mchezo. Ila anayekumbuka mwisho wake atajua yalikuwa ya mtoto.