Msomaji wa Kuundwa

Mtinko ni kata ya Mkoa wa Singida, bara kabisa, katika nchi ya Wanyaturu, nchi ya alizeti na mtama. Mji wa Singida wenyewe uko takriban kilomita 700 kutoka Dar es Salaam. Kompyuta ndogo ya nyumbani iitwayo Sinclair ZX Spectrum ilipotolewa Uingereza mwezi wa Aprili 1982, haikuwa na njia ya kufika huko. Leo yaweza kufika, bila ya plastiki wala nyaya zake. Simu ya mkononi ya bei ya kawaida, iwe Mtinko au Makunduchi, huweza kupakua programu ya aina iitwayo emuleta, nayo emuleta huifanya simu ijifanye mashine ile ya 1982: kumbukumbu ya kilobaiti 48, prosesa ya Z80 yenye mwendo wa megahezi 3.5, na kioo chenye safu 24 za maandishi, kila safu herufi 32. Kwa kipimo cha watu wa ushairi, kumbukumbu hiyo yote ingejaa kwa beti za utenzi 600 hivi.

Wengi huzitazama emuleta kama mchezo wa watu wazima wa Ulaya wanaoutafuta utoto wao. Hukumu hiyo ni ya haraka. Ndani ya kazi hii mna swali ambalo wafasiri wa mashairi hulala nalo na kuamka nalo: kibadilishwe kipi ili kazi ya kale isomeke tena?

Mfasiri hulishika shairi akaligeuza, neno baada ya neno, mpaka msomaji mgeni alielewe. Msomaji hukaa alipo. Shairi ndilo lisafirilo. Emuleta hufanya kinyume. Programu ya 1982 haiguswi hata herufi moja. Namba zilezile zilizorekodiwa katika kanda, kwa mpangilio uleule, hutiwa katika simu. Kinachoundwa upya ni msomaji. Prosesa ya kale huandikwa kama programu: kila amri iliyokuwa ikiielewa, muda ambao kila amri iliuchukua, hata makosa yake. Makosa hayo ni ya lazima, kwa kuwa waandishi wa programu wa enzi zile waliyajua na kuyatumia. Emuleta iliyo safi kuliko mashine yenyewe ni emuleta mbovu.

Pwani ina kisa chake cha kulinganisha. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalihifadhiwa kwa vinywa vya watu na kwa hati za Kiarabu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya pamoja na Mwingereza W. E. Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akayatoa kitabuni kwa herufi za Kirumi. Hati ya Kiarabu kama ilivyozoeleka kwa Kiswahili ilikuwa na alama tatu za irabu kwa lugha yenye irabu tano, na mara nyingi herufi moja ilibeba p na b. Msomaji alijaza mwenyewe yaliyopungua, kwa sababu alikuwa na lugha sikioni. Anayeihamisha hati kama hiyo kwenda herufi za Kirumi hulazimika kukata shauri kila penye utata, na shauri lake huingia ndani ya shairi. Baada ya hapo msomaji haoni tena kwamba palikuwa na njia mbili. Hapana lawama hapa, kwani bila ya kazi ile wangapi wangemsoma Muyaka leo? Lakini tofauti ni kubwa. Mtu wa emuleta angeiacha hati kama ilivyo, kisha angemuunda mzee wa Mombasa wa kuisoma. Kwa hati jambo hilo haliwezekani. Kwa mashine linawezekana, kwa sababu mashine ni kitu cha kuhesabika.

Linawezekana kwa kiasi. Commodore 64, ya mwaka huohuo 1982, ilikuwa na chipu ya sauti iitwayo SID, iliyobuniwa na Bob Yannes. Kichujio chake cha sauti hakikuwa cha kidijitali bali cha analogi, na hata chipu mbili za toleo moja zilitofautiana, kama udi mbili zilizotoka mkononi mwa fundi mmoja. Programu ya reSID ya Dag Lem, inayotumika ndani ya emuleta ya VICE, ni kazi ya sikio kali. Hata hivyo mwigaji hana budi kuchagua: aige toleo la 6581 au la 8580, na katika toleo hilo aige chipu ya tabia gani. Hapo naye anakata shauri, kama yule mnakili wa hati. Na kioo je? Spectrum iliruhusu rangi mbili tu katika kila mraba wa nukta nane kwa nane, na wachoraji wa enzi hiyo walichora wakijua kwamba televisheni italainisha kingo. Kwenye kioo kikali cha simu ya leo miraba ile hutokeza kama matofali. Zipo emuleta zinazopaka ukungu wa bandia juu ya picha ili kufanana na televisheni ya kale. Nyingi hupaka kupita kiasi, zikafanana na kumbukumbu ya televisheni kuliko televisheni yenyewe.

Lililo zito zaidi ni kanda. Programu nyingi za Spectrum ziliuzwa katika kaseti za aina ileile ambayo Unguja na Mombasa ilibeba taarabu. Kuipakia programu iliyojaza kilobaiti 48 kulichukua dakika tano hivi, na muda wote huo ulisikika mlio mkali, mistari ya rangi ikikimbia pembezoni mwa kioo. Mafaili ya kisasa ya kanda hizo, yenye muundo uitwao TZX, huhifadhi mapigo na hata kimya cha katikati. Lakini emuleta nyingi hutoa njia ya kuruka kungoja huko, na wengi huipenda. Ni kama kuusoma utenzi kwa macho matupu: maneno yote yapo, vina vipo, mahadhi hayapo. Asomaye hivyo hakukosea, ila asidhani kwamba amesikia.

Huyo wa Mtinko, basi, anasoma nini? Serikali ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa hesabu za serikali kuharibika, uagizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku, na televisheni nazo zikaingizwa humo. Marufuku ililegezwa kidogo kidogo, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sasa, kompyuta kama Spectrum haikuja na kioo chake. Ilichomekwa katika televisheni, penye tundu la waya wa antena. Bara ilikosa mashine, ikakosa na pa kuichomeka. Visiwani kioo kilikuwapo, kikashughulika na mengine.

Ndiyo maana sifa za emuleta zinazoandikwa Ulaya, zilizojaa kurudi na kukumbuka, hazina pa kushika huko Singida. Kijana anayeandika mistari ya BASIC kwenye Spectrum ya kuigizwa harudi popote. Anakutana na kitu kwa mara ya kwanza, zaidi ya miaka 40 baada ya kutolewa, bila ya deni la mapenzi. Mchezo ukiwa mbovu ataita mbovu, na huenda huyo ndiye mhakiki ambaye michezo ile haijawahi kumpata. Atapata pia kitu ambacho simu yake humnyima, yaani mashine ndogo iwezayo kujulikana yote na mtu mmoja. Spectrum ikiwashwa haimwonyeshi duka. Humngoja aandike amri.

Tena simu hiyo si mgeni kwa mashine hizo. Prosesa za simu za leo, karibu zote, ni za ukoo wa ARM, na ARM ilizaliwa katika kampuni ya Acorn ya Cambridge, watengenezaji wa BBC Micro ya mwaka 1981. Sophie Wilson, aliyebuni amri za prosesa hiyo, aliiigiza kwanza kwa lugha ya BASIC ndani ya BBC Micro, kabla chipu ya kwanza haijatoka kiwandani mwaka 1985. Simu inapoiiga BBC Micro, basi, hulipa: BBC Micro ndiyo iliyotangulia kuiiga prosesa ya simu.

Wanaoidharau kazi hii kwa kuwa ni mambo ya ugenini watazame karibu zaidi. Desemba 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Programu ya umri huo haina ahadi ya kufunguka katika kila mashine mpya. Zipo emuleta za kompyuta za wakati huo pia, kama QEMU iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003. Lakini nakala za diski zikipotea, emuleta haina cha kusoma.

Patasemwa kwamba istilahi zaweza kunakiliwa katika orodha, na yatosha. Orodha ina faida yake, ila mfasiri wa menyu hafanyi kazi ya mtunga kamusi. Hupewa kitufe chenye upana wa neno fupi la Kiingereza akatakiwa akitoshee Kiswahili. Huamua kama aandike «hifadhi» au «kuhifadhi», yaani kama mtu anaiamuru mashine au mashine inamtajia mtu kazi zake, na akiamua juu ya moja itambidi menyu nzima ifuate. Hayo huonekana pale tu menyu inapofunguliwa mahali pake, katika kioo cha upana ule wa 2004, na kielekezi kimesimama juu ya neno.