Mwezi wa Moto katika Miombo ya Rumonge

Misitu ya hifadhi ya Rumonge na Vyanda, iliyo juu ya mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, ni misitu ya miombo, yaani misitu ya wazi ambayo vilele vya miti yake havifungamani, hivyo jua hufika chini na kuotesha nyasi ndefu. Nyasi hizo, wala si magogo, ndizo zinazoupa moto chakula chake cha kwanza. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua hukatika, na nyasi hukauka wiki baada ya wiki mpaka cheche ya tanuri la mkaa, kienge cha mrina asali au shamba linalosafishwa kwa moto hutosha kuwasha kilima kizima, na mwaka wa ukame, mvua zinapochelewa, hatari hiyo hurefuka.

Mteremko huongeza balaa. Mchana upepo hutoka ziwani ukipanda milima, ukiinamisha miali juu ya nyasi za mbele na kuzikausha kabla hazijashika, na kwa kanuni inayotumiwa na wazima moto, mwendo wa moto unaopanda huongezeka takribani maradufu kwa kila nyuzi 10 za mwinuko. Usiku upepo hugeuka kuelekea ziwani, moto hulegea, na hiyo ndiyo saa ya kuukabili.

Madhara yake hutegemea zaidi mwezi kuliko aliyeuwasha. Jaribio lililoanzishwa Ndola, Zambia ya leo, mwaka 1933 lilionyesha kwamba viwanja vya miombo vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi viligeuka karibu nyasi tupu, ilhali vilivyochomwa mapema vilibaki na miti yake, na vilivyokingwa kabisa vikawa msitu mzito. Sababu ni kwamba miombo huchipua majani mapya kabla ya mvua kwa kutumia akiba ya mizizi, hivyo moto wa Septemba, ulio mkali kuliko wa Juni, huukuta mti umekwisha nguvu.

Kinga kamili ingekuwa bora, lakini ni vigumu kuidumisha katika hifadhi zilizozungukwa na mashamba na michikichi. Linalofaa ni uchomaji wa mapema unaosimamiwa, pamoja na barabara za moto, yaani kanda zilizofyekwa nyasi zote. Msitu mnyevu wa Kigwena, ulio jirani na usio wa miombo, usiguswe na moto mwezi wowote. Ili uchomaji huo wa mapema uwezekane, fedha na zana za walinzi wa misitu zifike Rumonge mwezi Mei, nyasi zikiwa bado mbichi.