Kuzuru Majengo ya Kampala: Tunatazama Nini?

  

Wapo walimu wa madrasa na vijana wetu wa Kibondo na Kasulu ambao, wakijaaliwa nauli, hufunga safari kwenda kuona misikiti mikubwa ya miji mikubwa. Kwa mtu wa Kibondo, Kampala ni karibu kuliko Dar es Salaam: Nyakanazi, Biharamulo, Bukoba, Mutukula, na mara mtu yuko Uganda. Wanaporudi huwa tunawauliza wameona nini. Majibu yanafanana: zulia, taa, kuba, mnara mrefu. Tukiwauliza wamejifunza nini, kimya. Makala hii inaipima ziara ya aina hiyo, na sisi wenyewe tumo miongoni mwa tunaowalaumu.

Hatusemi kuwa kutembea ni kosa. Qur'an inatuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotutangulia, na katika Suratul Hajj, aya ya 46, inawakemea wanaotembea wakiwa na macho yanayoona na nyoyo zilizopofuka. Hadithi inayokataza kufunga safari isipokuwa kwenda misikiti mitatu, wanachuoni wengi wameifahamu kuwa inahusu kuukusudia msikiti kwa kuamini kwamba swala ndani yake ina fadhila ya pekee. Anayesafiri kwa ajili ya elimu au kuzuru jamaa hayumo. Basi safari ya mwanafunzi inapimwa kwa nia yake na kwa anachorudi nacho.

KILIMA NA HISTORIA YAKE

Msikiti wa Taifa wa Uganda uko juu ya kilima cha Old Kampala. Ujenzi ulianza miaka ya 1970 katika zama za Idi Amin, ukasimama miaka mingi, ukaendelezwa kwa fedha za Libya na kufunguliwa rasmi mwaka 2008. Kwa muda ulijulikana kwa jina la Gaddafi, mfadhili wake, na baada ya kuuawa kwake mwaka 2011 ukarejeshewa jina la taifa. Wageni wa dini zote wanaruhusiwa kuingia kwa utaratibu uliowekwa. Wanawake wageni hupewa nguo za kujistiri, na aliye na nguvu za miguu hupanda ngazi za mnara.

Mnara ule ndio darasa bora, na wengi huutumia kwa kupiga picha tu. Aliye juu anauona mji wote na vilima vyake. Kule ni Rubaga, kanisa kuu la Wakatoliki. Kule ni Namirembe, kanisa kuu la Waanglikana. Kule ni Kibuli, msikiti uliokamilika mwaka 1951 katika ardhi ya Mwanamfalme Badru Kakungulu. Kila dini ilipata kilima chake, na jambo hilo halikutokea kwa bahati. Kilima alichosimama mgeni ndipo Kapteni Lugard alipojenga ngome yake mwaka 1890, na mwaka 1892 bunduki zake zikaamua vita baina ya Wakristo wenyewe kwa wenyewe. Waislamu, ambao mwaka 1888 walimweka Kalema kwenye kiti cha Kabaka na kushindwa baadaye, walikuwa wamekwisha sukumwa pembeni. Kwamba leo adhana inatoka juu ya kilima cha ngome ya Lugard ni jambo la kumfanya mwanafunzi wa historia akae chini na kutafakari. Ngazi ngapi, mita ngapi, hayo yaje baadaye.

Kwa upande wa sanaa ya ujenzi tuna la kusema. Jengo ni zuri na limetulia, na ukumbi wake unamfanya mtu ateremshe sauti bila kuambiwa. Lakini nakshi zake zinasimulia nchi za wengine. Tulijiuliza: mkono wa Muislamu wa Uganda uko wapi humu? Uislamu ulifika Buganda mwaka 1844, zama za Kabaka Suna, ukiletwa na mfanyabiashara Ahmad bin Ibrahim, kabla ya mmisionari yeyote. Umma wenye umri huo ulistahiki walau ukuta mmoja unaozungumza lugha yake.

KASUBI: NYASI ZILIZOHIFADHI ELIMU

Wengi wetu hawafiki makaburi ya Kasubi kwa kuogopa kuwa ni mahala pa ushirikina. Tahadhari hiyo ina haki yake. Kutaka msaada kwa maiti au kuwanyenyekea mizimu ni haramu bila mjadala, na mwalimu asiyeweza kuwalinda vijana wake na hilo asiwapeleke. Ila anayekwenda kwa mazingatio atakutana na somo zito.

Nyumba kuu ya Kasubi ilijengwa mwaka 1882 na Kabaka Mutesa wa Kwanza, naye akazikwa humo mwaka 1884. Huyu ndiye Mutesa aliyefunga Ramadhani miaka kadhaa, akaamrisha watu wake waswali, lakini akakataa kutahiriwa. Vijana wa kasri walipokataa kuswali nyuma yake na kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wake, mwaka 1876 aliwaua makumi kwa makumi. Hao ni mashahidi wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, waliotangulia kwa takriban miaka kumi mashahidi wa Kikristo ambao dunia nzima inawafahamu. Ni wanafunzi wangapi wa Kasulu wanaijua habari hii? Mtu anaweza kufika Kampala, akasifu zulia la msikiti, akarudi bila ya kuwaombea dua wale vijana.

Jengo lenyewe ni la miti, matete na nyasi, na ndani ya paa mna pete 52 zinazowakilisha koo 52 za Baganda. Kuezeka ni kazi ya ukoo maalumu. Moto ulipoiteketeza nyumba hiyo Machi 2010, kilichowezesha kuijenga tena ni elimu iliyobaki mikononi mwa watu, na mwaka 2023 UNESCO iliondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Sisi Waha tulikuwa na nyumba zetu za msonge huko Heru na Muhambwe. Leo tukiambiwa tujenge moja, nani atatuongoza?

MGENI ASIYE MUISLAMU MSIKITINI

Tunakuja kwenye fiqhi. Je, inafaa msikiti kufunguliwa kwa wageni wasio Waislamu? Imam Malik alizuia isipokuwa kwa haja. Imam Shafi'i aliruhusu kwa idhini ya Muislamu, isipokuwa Msikiti Mtukufu wa Makka, kwa dalili ya aya ya 28 ya Suratut Tawba. Abu Hanifa aliruhusu, na kwa Imam Ahmad zimepokewa kauli mbili. Wanaoruhusu wana hoja yenye nguvu: habari ya Thumama bin Uthal iliyomo katika Sahih Bukhari na Muslim.

Thumama, bwana mkubwa wa Yamama, aliletwa mateka na kufungwa kwenye nguzo ya Msikiti wa Mtume (S.A.W.). Kwa siku tatu Mtume alimpitia na kumsemesha kwa upole, kisha akaamuru afunguliwe. Thumama akaenda kwenye mitende iliyo jirani, akaoga, akarudi akatoa shahada. Tuzingatie alichokiona siku zile. Kuta zilikuwa za matofali ya udongo, nguzo zilikuwa vigogo vya mitende, na paa lilikuwa makuti. Hapakuwa na kuba wala taa ya kioo. Aliwaona watu wakisimama safu moja, akawasikia wakisoma, akaona namna mateka anavyotendewa. Ziara ile ilikuwa na kila kitu ambacho ziara za leo zinakikosa.

Tuliwahi kuzuru msikiti mmoja, katika mji ambao hatutautaja, tukiwa pamoja na wageni Wakristo. Mwongozaji alieleza uzito wa taa na nchi lilikotoka zulia. Mama mmoja akauliza kwa heshima: "Mnaposujudu huwa mnasema nini?" Akajibiwa kuwa muda umekwisha, twendeni nje. Sisi tuliokuwepo tulinyamaza pia. Fursa ikapita, na jukumu lake tunalo wote.

NYUMBANI KASULU NA KIBONDO

Katika kijiji kimoja cha Kasulu tuliikuta kamati inayotaka kuubomoa msikiti wake wa tofali za kuchoma ili ujengwe mwingine wenye kuba na minara kama ule wa kwenye picha. Kubomoa msikiti kwa sababu umekuwa mdogo au unaanguka kunajuzu. Khalifa Uthman (R.A.) aliujenga upya Msikiti wa Mtume kwa mawe ya nakshi na paa la msaji, na waliomlaumu aliwajibu kwa hadithi ya fadhila za kujenga msikiti. Lakini Umar (R.A.) kabla yake alimwambia fundi awakinge watu na mvua, akamuonya na rangi zitakazowashughulisha waswalio. Kati ya wawili hawa ndipo penye mizani: nafasi na uimara ni haja, kushindana kwa mapambo ni alama iliyotajwa miongoni mwa alama za Kiyama.

Zipo pia habari za Said bin al-Musayyib. Mwaka 88 Hijria, Khalifa al-Walid alipoamuru vyumba vya wakeze Mtume vibomolewe ili msikiti upanuliwe, watu wa Madina walilia. Said akatamani vingeachwa kama vilivyo, ili watoto wa Madina na wageni wanaofika waone ni kipi Mtume (S.A.W.) aliridhika nacho duniani. Huyu ni imamu wa Tabiina, naye alijua kuwa jengo duni linaweza kumfundisha mgeni kuliko jengo la fahari.

Kwa hiyo tunanasihi mambo matatu. Kwanza, anayewapeleka vijana Kampala au kwingineko awasomeshe historia ya mahala kabla ya kupanda gari. Pili, tuwafungulie jirani zetu misikiti yetu. Tunaishi katika wilaya yenye misheni ya Kabanga na makao ya Dayosisi ya Waanglikana ya Western Tanganyika. Majengo yao tunayajua, wao yetu hawayajui, na wengi hutujua kwa sauti ya kipaza sauti tu. Siku moja kwa mwaka, baada ya Alasiri, na mwalimu mmoja mwenye ulimi mwema, inatosha kuanza. Tatu, kabla ya kubomoa msikiti wa zamani, upimwe, upigwe picha, na yaandikwe majina ya wazee waliofyatua na kubeba matofali yake.

Wale wazee wa kijiji tuliwauliza nani aliujenga msikiti wao. Wakatazamana, kisha mmoja akasema kwamba aliyekuwa anajua alizikwa mwaka uliopita. Tunamuomba Allah amrehemu, na asitufanye sisi kuwa kizazi kinachosafiri mbali kuona kazi za wengine huku kazi za wazazi wake zikifukiwa pamoja nao.

Wallahu a'alam.